KIWANDA CHA VITAMINI NA MAJI YA ZIWA



Tarehe 29 Julai 2024 moto ulizuka katika sehemu mojawapo ya viwanda vya kampuni ya BASF mjini Ludwigshafen, Ujerumani. Siku chache baadaye kampuni hiyo iliwaarifu wanunuzi wake duniani kwamba haitaweza kutimiza ahadi zake za kuwauzia Vitamini A na Vitamini E. Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 31 Oktoba 2017, miaka saba kasoro kabla ya hapo, moto mwingine uliunguza mahali pale pale mtambo unaotengeneza sitrali, ambayo ndiyo malighafi ya kuanzia Vitamini A, na bei ya vitamini hiyo ikaruka katika masoko yote.

Mwananchi wa Bungoma, wa Mbale au wa Huye ana haki ya kuuliza moto wa Ujerumani unamhusu nini yeye. Jibu limo katika mfuko wa unga. Nchini Kenya, tangu mwaka 2012, sheria inamtaka mwenye kinu anayesaga na kufunga unga wa mahindi au wa ngano aurutubishe, na mwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia atie Vitamini A. Uganda nayo ina masharti ya aina hiyo. Zambia ilikwisha kuanza kutia Vitamini A katika sukari tangu mwaka 1998. Rwanda, mjini Kigali, kipo kiwanda cha uji wa watoto kilichofunguliwa mwaka 2017 kwa ubia wa Serikali na wageni, na uji huo hutiwa virutubishi. Sisi wenyewe tulitunga kanuni mwaka 2011. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kupatanisha viwango, hata orodha ya vinavyotiwa katika unga wa mahindi inajulikana: Vitamini A, vitamini kadhaa za kundi la B pamoja na asidi ya foliki, na madini ya chuma na zinki.

Sababu ya yote haya ni nyepesi kueleweka. Mahindi yanapokobolewa ili yapatikane sembe nyeupe, ganda na kiini huondoka, na humo ndimo ilimokaa sehemu kubwa ya vitamini za kundi la B na madini. Bibi zetu waliotwanga dona hawakuhitaji kanuni. Lakini mji umekua, watu wamezoea sembe, na mama mjamzito anayekosa asidi ya foliki katika majuma ya mwanzo anaweza kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo. Hapana budi, basi, kilichoondolewa kinuni kirudishwe kinuni.

Kinarudishwa kutoka wapi? Mahindi ni yetu, kinu ni chetu, mfuko huchapwa hapa hapa. Bali ile poda ya manjano hafifu inayodondoka kidogo kidogo juu ya unga hutoka ng'ambo. Vitamini nyingi zaidi siku hizi hutengenezwa Uchina, na zilizobaki Ulaya kwa makampuni machache. Uchache huo umewahi kutumiwa vibaya. Katika miaka ya 1990 wakubwa wa biashara hii walikaa faraghani wakapanga bei na kugawana masoko ya dunia. Mwaka 1999 kampuni ya Roche ilikubali huko Marekani kulipa faini ya dola milioni 500, na BASF dola milioni 225. Mwaka 2001 Tume ya Ulaya ikayatoza makampuni manane jumla ya euro zaidi ya milioni 855. Faini hizo zilikwenda katika hazina za Marekani na za Ulaya. Mnunuzi wa Afrika aliyelipa bei ile ile ya kupangwa hakurudishiwa hata senti moja katika faini hizo.

Kwa hiyo si ajabu kwamba katika nchi jirani, na katika mipango ya Jumuiya ya kukuza viwanda vya madawa, swali linajitokeza tena na tena: kwa nini vitamini zisitengenezwe hapa? Swali ni zuri. Lakini anayelijibu kwa pupa anaweza kununua kiwanda asichokihitaji na uchafu asioujua. Yafaa tulitazame kwa makini, maana jawabu litakalotolewa Kisumu au Jinja litatufikia Mwanza, Musoma na Bukoba kwa njia ya maji.

Kwanza, neno "kiwanda cha vitamini" linakusanya vitu vitatu visivyofanana.

Kipo kiwanda cha kuchanganya tu. Hicho hununua vitamini zilizokwisha kutengenezwa, huzipima, huzichanganya na madini na unga wa kubebea, kisha huzifunga. Kipo kiwanda cha kuchachua, ambacho huwalisha vijidudu sukari katika matangi makubwa ili watoe vitamini, kama vile hamira inavyotoa pombe. Halafu kipo kiwanda cha kemia tupu, kinachoanza na mazao ya mafuta ya petroli na kupitia hatua nyingi za joto, shinikizo na viyeyushi vinavyowaka. Vitamini A nyingi hupatikana kwa njia hii ya tatu. Vitamini B12 haipatikani kwa biashara ila kwa vijidudu. Vitamini B2 ilikuwa ikitengenezwa kwa kemia, lakini tangu miaka ya 1990 wakubwa wa kazi hii wameiacha njia hiyo na kushika uchachuaji, kwa sababu hatua ni chache, gharama ni ndogo na taka za sumu hupungua.

Vitamini C imesimama katikati. Wanga wa mahindi hugeuzwa kuwa glukosi. Glukosi hutiwa gesi ya haidrojeni chini ya shinikizo ikawa sobitoli. Bakteria huigeuza sobitoli kuwa sukari nyingine iitwayo sobosi. Kuanzia hapo, njia iliyogunduliwa na Tadeus Reichstein huko Uswisi katika miaka ya 1930 iliendelea kwa kemia na viyeyushi. Wachina katika miaka ya 1970 walipata njia ya kuwatumia bakteria mara ya pili, wa aina mbili wakiishi pamoja katika tangi moja, na hivyo wakaziruka baadhi ya hatua za kemia. Ugunduzi huo ni miongoni mwa sababu kubwa zilizowawezesha kuliteka soko. Lakini aangalie mpangaji: Vitamini C haimo katika orodha ya unga wetu, kwa kuwa haistahimili moto wa sufuria. Anayejenga kiwanda cha Vitamini C kwa hoja ya kurutubisha ugali hajauliza maswali ya kutosha.

Pili, kuna suala la ukubwa. Tani moja ya unga huhitaji takriban nusu kilo hadi kilo moja ya mchanganyiko wa virutubishi. Kinu kinachosaga tani 100 kwa siku kitatumia, basi, kilo 50 hadi 100, mzigo wa kubebwa kwa mkokoteni mmoja. Vitamini A na E nyingi zinazotengenezwa duniani haziliwi na watu moja kwa moja, bali hutiwa katika chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe. Mitambo ya Ulaya na Uchina imejengwa kwa kadiri ya soko hilo. Mtambo wa kemia utakaojengwa kwa ajili ya vinu vya Kenya na Uganda peke yake utakuwa mdogo mno kushindana nao, na utakuwa na hatari zile zile.

Hatari zenyewe hazihitaji kubuniwa. Tarehe 10 Julai 1976, karibu na mji wa Seveso nchini Italia, kiwanda kilichomilikiwa na kampuni tanzu ya Hoffmann-La Roche, ambayo siku zile ilikuwa mfalme wa vitamini duniani, kilitoa wingu la sumu ya dayoksini. Kiwanda hicho hakikuwa cha vitamini. Kilitengeneza malighafi ya dawa ya kuua vijidudu. Lakini wenyewe walikuwa mabingwa wa kemia, na bado watu zaidi ya 700 walihamishwa makwao. Tarehe 1 Novemba 1986, Schweizerhalle nchini Uswisi, ghala la madawa ya kilimo la kampuni ya Sandoz liliungua. Wazima moto walifanya kazi yao kwa ushujaa, na maji waliyoyamwaga yakazoa sumu za ghalani na kuzishusha katika mto Rhine. Mto uligeuka mwekundu, na samaki aina ya mkunga walikufa kwa maelfu. Tangu siku hiyo mhandisi wa kiwanda cha kemia anayejua kazi yake huchora bwawa la kunasia maji ya kuzimia moto kabla hajachora ofisi ya meneja.

Rai yetu, kwa hiyo, ni kwamba kemia ya Vitamini A iachwe ilipo kwa sasa, na jirani zetu waanze na kuchanganya, kisha waende kwenye kuchachua. Kiwanda cha kuchanganya hakina maji machafu mengi. Adui wake ni vumbi. Vumbi laini la vitamini na unga likitanda ndani ya jengo laweza kulipuka kwa cheche moja, na mfanyakazi anayelivuta kifuani mwaka hadi mwaka huugua. Dawa yake inajulikana: mashine zilizofungwa, vifyonza vumbi vyenye vichujio, nyaya za kupeleka umeme tuli ardhini, na barakoa ambazo hazikai stoo zikingoja mkaguzi. Faida ya kiwanda cha namna hii ni kwamba mnunuzi anaweza kuagiza akiba ya miezi kadhaa kutoka kwa wauzaji mbalimbali, hata moto wa Ludwigshafen ukiwaka asishikwe kooni. Pia maabara yake hupima kama vitamini zilizoandikwa kwenye ndoo zimo kweli ndani ya ndoo.

Uchachuaji ni habari nyingine, na hapa ndipo Ziwa Victoria linapoingia katika mazungumzo yetu.

Chakula cha vijidudu ni sukari, molasi na wanga. Ukitazama ramani utaona mali hiyo ilipo: mashamba ya miwa ya Kakira karibu na Jinja, viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil katika bonde la mto Nyando, mahindi ya nyanda za juu za Kenya. Pembeni mwa ziwa kuna maji, reli na umeme. Mwekezaji yeyote mwenye kalamu atatia alama kwenye ufuko. Wazo hilo si jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Kenya na wabia wa kigeni walianza kujenga Kisumu kiwanda kikubwa cha kugeuza molasi kuwa alkoholi, hamira, asidi ya sitriki na bidhaa nyinginezo. Gharama zilipanda kupita makadirio, na mapema katika miaka ya 1980 kazi ikasimama. Mitambo ilibaki kwenye mvua kwa miaka mingi hadi alkoholi ilipoanza kutoka katika miaka ya 2000. Ni fundisho la hesabu zaidi kuliko la mazingira, lakini mambo hayo mawili hayako mbali: fedha zinapopungua katikati ya ujenzi, mtambo wa kusafishia maji machafu ndio wa kwanza kuahirishwa, kwa kuwa hautoi bidhaa ya kuuza.

Maji machafu ya uchachuaji hayana sumu kali kama ya Seveso. Madhara yake ni ya namna nyingine. Yamejaa mabaki ya sukari, chumvi na miili ya vijidudu. Yakifika mtoni, vijidudu wengine huanza kuyala, na katika kula hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini mpaka samaki hukosa ya kuvuta. Wataalamu hupima jambo hili kwa kuangalia ni miligramu ngapi za oksijeni zitakazotumika katika kila lita moja. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa maji yanayomwagwa katika mito na maziwa. Maji mabichi yatokayo kwenye kiwanda cha alkoholi ya molasi huzidi miligramu 10,000. Ndiyo kusema, katika kila sehemu 1,000 za uchafu, zisiruhusiwe kutoka hata sehemu tatu. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kusimama juu ya daraja chini ya kiwanda kimoja cha sukari, katika nchi ambayo haina haja ya kutajwa. Maji yalikuwa na rangi ya kahawa iliyochemka mno, na mvuvi mmoja mzee, alipoulizwa amepata nini, alionyesha ndoo yenye maji.

Uchafu huo waweza kusafishwa, na tena kwa faida. Katika matangi yaliyofunikwa yasiyo na hewa, bakteria wa namna nyingine huula na kutoa gesi ya methani, na gesi hiyo huchoma tanuri la mvuke la kiwanda chenyewe. Kinachobaki hupitishwa kwenye mabwawa yanayopulizwa hewa, kisha kwenye bwawa la mwisho ambamo wafugwe samaki. Samaki ni mkaguzi asiyepokea rushwa. Tope lililokaushwa ni mbolea ya miwa. Hapa pana sharti moja lisilosahaulika. Vijidudu wanaotumika leo kutengenezea Vitamini B2 mara nyingi wamebadilishwa nasaba zao katika maabara. Kabla ya tope kutoka nje ya ukuta, lazima lichemshwe kwa mvuke hadi wafe wote, na mwenye kiwanda awe na kibali chini ya sheria ya usalama wa viumbe, ambayo Kenya ilikwisha kuitunga mwaka 2009.

Mahali pa kujenga pia ni kinga. Ghuba ya Winam, ambayo Kisumu imeikalia, ina kina kifupi na mlango mwembamba. Maji yake hubadilishana na ya ziwa kubwa polepole, na magugu maji yamekwisha kuonyesha jinsi ghuba hiyo inavyopokea mbolea isiyotakiwa. Afadhali kilomita kadhaa za bomba la molasi kuelekea nchi ya juu kuliko mita mia za bomba la taka kuelekea ghubani. Maji ya kupozea mitambo yazungushwe ndani kwa ndani badala ya kuchotwa na kutupwa yakiwa moto. Matangi ya viyeyushi na asidi yajengewe kuta za kuzuia kiasi kizima cha tangi endapo litapasuka. Na bwawa la maji ya moto, la Schweizerhalle, lisikosekane.

Sheria za kusimamia haya zipo. Kenya ilitunga sheria yake kuu ya mazingira mwaka 1999, Uganda iliandika upya ya kwake mwaka 2019, nasi tunayo ya mwaka 2004. Zote zinataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya kuweka msingi. Tatizo limekuwa katika lile neno "kabla". Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilijengewa jirani kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu. Watoto waliingiwa na risasi katika damu. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliwaongoza wanakijiji, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba taasisi za Serikali zilizopaswa kusimamia zilihesabiwa kuwa na sehemu katika lawama. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 2014. Kesi ilikiandama miaka kumi baada ya moshi wake kukoma.

Kwa ajili hiyo mikutano ya wananchi isiwe ya kutia sahihi tu. Kitabu cha tathmini cha kurasa mia nne kwa Kiingereza, kilichowekwa katika ofisi ya wilaya kwa siku chache, hakijamwarifu mama anayeanika dagaa ufukoni. Aelezwe kwa Kijaluo, kwa Kiganda au kwa Kiswahili ni maji kiasi gani yatachotwa, yatarudi yakiwa na hali gani, na kengele ikilia usiku akimbilie upande upi. Mwenye kiwanda naye aweke dhamana ya fedha benki, ili siku atakapofilisika yawepo ya kusafishia.

Lipo, mwisho, suala la ujirani. Kenya inamiliki asilimia sita tu ya eneo la ziwa, Tanzania karibu nusu, Uganda sehemu iliyobaki, na maji ya Rwanda na Burundi huingia kwa mto Kagera. Mwaka 2003 nchi zetu zilitia sahihi mjini Arusha Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, inayomtaka mchafuzi alipie uchafu wake na inayozitaka nchi kuarifiana mapema juu ya miradi inayoweza kumdhuru jirani. Kamisheni ya bonde hilo ina makao yake Kisumu. Arifa ya kiwanda cha vitamini ikitumwa, isitumwe peke yake. Iambatane na vipimo vya maji ya mto na ya ziwa vya mwaka mzima kabla ya ujenzi, vilivyochukuliwa masika na kiangazi, mahali pale pale na kwa saa zile zile, ili baadaye asitokee wa kudai kwamba maji yalikuwa hivyo tangu zamani. Nakala moja ibaki Kisumu, moja iende Entebbe, na moja Mwanza.